Mkataba na Dalali Tai

Msusi alipotia sahihi mkataba wa kuuza nyumba, hakuusoma. Mumewe alikuwa ameshasaini, dalali amenyoosha kalamu, na yeye wakati ule angesaini hata kwamba si mke wa mtu. Walikuwa wametoka kumzika mtoto wao juzijuzi tu.

Mtoto huyo, wa pekee, walimwita Babu, maana tangu alipojua kutembea alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua ua kama mzee mwenye mali zake. Alitumbukia katika tangi la maji lililochimbwa uani. Siku ile mumewe, fundi wa mafriji asiyekubali fundi mwingine aguse chombo chake, alikuwa anatengeneza pampu. Simu ikalia, akaingia ndani kupokea. Basi, ikawa imekuwa. Waliokuja msibani waliambiwa mfuniko ulikuwa mbovu, mtoto kaukanyaga ukapinduka. Fundi ndiye aliyesema hivyo. Msusi, aliyetoka mbio akaukuta mfuniko mzima umeegemezwa ukutani, hakumkanusha. Si siku ile, wala siku zilizofuata.

Wazo la kuuza lilikuwa la fundi. "Nyumba hii inanila," alisema. Akamleta dalali.

Dalali huyo alivaa tai hata Jumapili, hata jua la utosini, ndipo watu wakambandika jina la Tai. Wenye ndimi kali waliongeza kwamba haijulikani ni tai ya shingoni au tai wa angani, yule anayenusa mzoga. Lakini kazi aliijua. Alipakisha rangi, akaondosha mapazia mazito, akapanga vyungu vya maua uani, pembeni ya zulia la plastiki la kijani ambalo fundi alikuwa ametandika juu ya tangi.

Watu wakaanza kuja kuitazama nyumba. Walifungua makabati, wakabonyeza kuta, wakasimama katika chumba cha Babu wakisema hapa patafaa kuweka mashine ya kufulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msusi alijikuta anawachukia wote, hata wenye adabu. Alipokuwa peke yake alifagia ua alfajiri, polepole, akahisi kwamba akitoka hapo atakuwa amemwacha mtoto mara ya pili. Asubuhi moja alifunga saluni akaenda ofisini kwa Tai.

"Karibu shemeji, karibu kiti," Tai alisema. "Umeniletea ule ufunguo wa stoo?"

"Nimekuja kuvunja mkataba."

Tai alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mkataba si yai, shemeji. Mlisaini wawili, mtavunja wawili. Muda wake haujaisha, na mpaka uishe nyumba iko mikononi mwangu. Mlete bwana aseme kwa kinywa chake kwamba hauzi, nami nitaichana karatasi leo hii hii. Sina vita na wateja wangu."

Fundi hakutaka hata kusikia. "Mimi hapa sikai," alisema.

"Basi nenda, niachie nyumba."

"Utaishije hapa, wewe? Tangu msiba bomba tu huligusi, unanunua maji ya ndoo kama mpangaji." Akashusha sauti. "Maji yakimwagika hayazoleki, mke wangu. Tuuze tupumzike."

Msusi alimtazama, akangoja. Fundi akainamia viatu vyake.

Jumamosi akaja mwalimu kijana na mkewe mjamzito, na binti yao mdogo aliyekuwa haachi kuruka. Tai alikuwa amemwomba msusi asiwepo wageni wanapokuja, maana uso wake unafukuza riziki, lakini msusi alikuwa amesahau nyumbani nywele za kumsukia mteja, akarudi kuzichukua. Aliwakuta uani, Tai, fundi na mwalimu wakizungumzia paa. Binti alikuwa amegundua kwamba zulia la kijani likirukiwa linadunda kama ngoma. Akaruka, akacheka, akaruka tena.

Msusi hakujua alivyofika. Alimdaka mtoto mkono, akamvuta hata akalia.

"Vipi tena, dada?" mama mtu alifoka.

"Chini hapo kuna tangi."

"Lilifukiwa zamani," Tai aliwahi. "Bwana mwenyewe ameniambia. Si ndivyo, fundi?"

Fundi akageuza uso. Tai akamtazama, akapiga goti na suruali yake safi, akafunua zulia, akasukuma mfuniko. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeteremkia humo kutoka paani. Maji yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, meusi, yametulia tuli.

"Mwanangu alifia humu," alisema msusi.

Mwalimu alimnyakua binti yake, akamkumbatia. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu asiyejua aseme nini, "Mfuniko ulikuwa mbovu?"

"Mfuniko ni mzima," alisema msusi. "Uliachwa wazi."

Hakuwa amekusudia. Lilimtoka kama kikohozi. Hakumtazama mumewe, lakini alisikia pumzi yake ikikatika.

Wageni waliondoka bila kuaga. Tai alirudisha mfuniko, akaviburuta vyungu vyote vya maua juu yake, kimoja kimoja, jasho likimtoka. Kisha akatoa mkataba mkobani, akauweka juu ya boneti ya gari lake, akaandika chini yake kwamba umevunjwa kwa hiari ya pande zote.

"Mimi nasema uongo mwingi kwenye kazi hii," alimwambia fundi. "Nasema chumba kina hewa, nasema majirani ni wapole. Lakini nina wajukuu. Saini hapa."

Fundi akasaini. Msusi akasaini. Gari likaondoka, wakabaki wawili uani.

"Ulijua tangu lini?" fundi aliuliza.

"Tangu siku ile."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Ungenipiga," fundi alisema. "Ungenitukana mbele ya ndugu zangu. Kimya chako ndicho kilichokuwa kinanila, mimi nikadhani ni nyumba."

Alikusanya vifaa vyake, akaenda kulala karakanani kwake, nyuma ya mafriji ya watu. Hakurudi kesho yake wala wiki iliyofuata. Vibarua wawili walikuja na lori la kifusi, wakasema wametumwa na fundi. Wakalijaza tangi lote mpaka juu, wakashindilia, wakaenda zao. Msusi aliwatazama tangu jiwe la kwanza. Alidhani atalia, hakulia.

Jioni moja alikunja nguo za mumewe, akazipeleka karakanani. Fundi alizipokea mlangoni, ndevu zimemvamia uso. Walisimama kama watu wanaosubiri foleni moja.

"Umekula?" fundi aliuliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimeshiba."

Wote wawili walikuwa wanasema uongo, na kila mmoja alijua. Msusi akafunga mtandio wake, akashika njia ya kurudi katika nyumba aliyoipigania.