Nikupakulie ama Bado

Peres hakuwa na gramafoni. Hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, ndiyo maana majirani wa mtaa wa Woodley, Nairobi, walimwita Mama Cherehani, kana kwamba chombo kile kilitoka tumboni mwake. Hakuwa na cheti cha ndoa, kwa sababu yeye na Fidel Oduor walioana kwa ng'ombe na maneno ya wazee, si kwa kalamu. Hakuwa na kaburi la mume. Ukimwambia kwamba kaburi lipo kule kwao Fidel, Ugenya, na msalaba umesimama, atakutazama tu, maana anajua kilicholala mle ndani. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na neno hata moja la kumjibu mtu aliyemwuliza mumewe alipiga muziki gani.

Kwamba Fidel alipiga saksafoni, hilo kila mtu alilijua. Enzi zile alikuwa akipiga katika hoteli moja ya mtaa wa Karen, wageni wakikata nyama zao polepole, naye akiwapigia nyimbo laini za kusindikiza chakula. Peres ndiye aliyempigia pasi shati jeupe. Lakini akirudi nyumbani, Fidel alijifungia katika chumba cha nyuma, mahali cherehani ilipokaa, akapiga mambo mengine kabisa. Zilitoka sauti za bawaba, za mbuzi, za mtu anayeanza kulia kisha akajizuia. Ili majirani wasigonge ukuta, alikuwa akipuliza akiwa ameingiza mdomo mpana wa saksafoni katikati ya nguo zilizotundikwa, na Peres akiendelea kushona sare za shule. Hawakusumbuana. Kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Kisha Fidel alialikwa Denmaki kwa miezi mitatu, na miezi hiyo haijaisha hadi leo. Mwanzoni zilikuja barua na pesa kidogo. Baadaye zikaja kadi za Krismasi. Baadaye ikawa ni habari tu, kutoka kwa Millicent, dada wa Fidel, kwamba ametoa santuri nyingine, na nyingine tena, mpaka zikapita sitini. Mwaka jana akafa hukohuko. Alikuwa ameacha neno kwamba achomwe, na majivu yake yamwagwe baharini. Wakafanya hivyo kabla Millicent hajamaliza kukusanya nauli.

Wazee wa Ugenya walisema mtu hawezi kuachwa hivihivi bila kuzikwa. Mwili ukikosekana, desturi ya Wajaluo ipo. Walikata tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kama soseji, wakalifunga sanda, wakalitia ndani ya jeneza. Peres akakaa kando yake kama mjane anavyokaa.

Mchana ule wa mazishi, Millicent alisema si haki kumzika mwanamuziki bila muziki wake. Simu ikaunganishwa na spika, wakampa Peres. Wewe ndiwe mke, walimwambia, chagua. Peres akatazama orodha ya santuri ikishuka chini bila mwisho, kama majina ya wanafunzi wa shule nzima. Akagusa moja kwa sababu ilikuwa na picha ya ndege.

Sauti iliyotoka iliwafanya watoto wazibe masikio. Mwenye mitambo alidhani spika yake imepasuka. Alikuja mbio, akachomoa nyaya, akaipiga spika kofi, akawaomba waombolezaji radhi, kisha akaweka kwaya. Watu wakashusha pumzi, wakaimba. Hakuna aliyemlaumu Peres, wala hakuna aliyemwambia achague nyingine. Alibaki pale, mkono juu ya jeneza, akijisemea moyoni kwamba yeye sasa ni mjane wa tunda, na hata wimbo wa kumwimbia mtu wake haujui.

Ndipo ilipokuja barua ya kampuni moja ndogo ya santuri ya Kopenhagen. Iliandikwa kwa Kiingereza, na Millicent aliisoma kwa sauti pale mezani Woodley. Kampuni ilieleza kwamba vijana wengi wanataka kumsikiliza Fidel, lakini wakiona santuri sitini wanaogopa, hawajui waanzie wapi. Kwa hiyo itachapishwa upya santuri moja, iwe kama mlango wa kuingilia, pamoja na kijitabu kidogo cha kuwaongoza wageni. Wameshawauliza wanamuziki na wajuzi. Sasa wangependa kusikia pia kauli ya mkewe. Awatajie santuri moja tu, na maneno machache ya kueleza sababu.

Millicent alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. "Wifi, waambie waanze kwa kuturudishia mtu wetu."

Peres hakucheka. Alisema aliwahi kuambiwa achague, akachagua ndege. Mara hii hatachagua kitu ambacho hajakisikia. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Millicent. Alitaka kujua kama katika santuri zote zile, ambazo mumewe alizitoa mwaka baada ya mwaka kama kuku anayetaga, kulikuwa na mahali pake yeye, hata padogo kama tundu la sindano. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Lakini yeye alikuwapo. Hakuhama Woodley, hakubadilisha hata kufuli. Aliyeondoka ni mwingine.

Siku ya pili alikwenda mjini, kwa Macharia, muuza santuri za zamani aliyepanga chumba ghorofani karibu na barabara ya Tom Mboya. Humo kuta zote zilijaa benga na rumba. Peres alipotaja jina la Fidel, Macharia alikuna kichwa.

"Yule wa kelele?" aliuliza. Kisha akauona uso wa mgeni wake. "Pole, mathe. Sikujua ni mtu wako."

Alimweleza kwamba santuri za Fidel hazikai dukani. Kila moja iliyowahi kupita mikononi mwake ilichukuliwa na mtu mmoja tu, mhandisi mstaafu wa mtaa wa Lavington anayeitwa Nzuki, ambaye hununua hata zilizokwaruzika. Akampigia simu palepale. Alivyosikika, huyo Nzuki alimtaka Peres aje mara moja.

Getini kule Lavington, bawabu alimwuliza Peres ametumwa na ofisi gani ya wafanyakazi wa nyumbani. Peres akamwambia amekuja kumsikiliza mume wake. Bawabu hakujua kitabu chake cha wageni kinataka jibu gani hapo, akamwacha asimame. Bahati nzuri Nzuki alitoka mwenyewe, mzee mrefu mwenye sweta, akampokea kwa mikono miwili na kumketisha sebuleni, mahali santuri zilipopangwa ukuta mzima kama matofali.

Maskini Nzuki alikuwa amesubiri miaka mingi apate mtu wa kumweleza mambo yale. Mkewe, Mungu amlaze pema, alikuwa akitoka nje kila santuri ya Fidel ilipowekwa, na watoto walikwenda zao. Alimimina chai, akaanza kuagiza kama daktari anayeandika dawa. Mtu aanze na zile za mwanzo, za watu wanne, kwa sababu ndani yake bado kuna adabu ya hotelini. Akizoea, apewe zile za fidla. Halafu za kengele, lakini asizisikilize akiwa na njaa. Zile ambazo Fidel anapiga peke yake zisubiri mpaka sikio liote sugu.

"Ukianza na za mwishomwisho utamkimbia, Mama," alisema. "Na ukishamkimbia mtu huyu, hutarudi."

Peres alimwitikia kwa kichwa. Akamwomba amwekee kwa mpangilio huohuo.

Ile ya watu wanne ilikuwa tamu kweli. Aliliona shati jeupe, akasikia joto la pasi. Lakini hayo yalikuwa ya Karen, ya wageni waliokuwa wakikata nyama. Ile ya fidla ilipita kama upepo juu ya mabati. Ile ya kengele ilimuumiza meno. Alikaa amekunja mikono mapajani, uso mkavu, na kila santuri ilipogeuzwa alizidi kuwa mdogo kitini. Sitini na kitu, na mtu huyu hakumwachia hata kipande.

Mwisho akauliza ya mwisho kabisa ni ipi.

Nzuki alisita. Alisema hiyo hapana, hiyo hata yeye ameisikiliza mara mbili tu, haina mwanzo wala mwisho, na kila mjuzi anasema isipewe mgeni. Aliivuta rafuni bila kupenda. Zote nyingine zilikuwa na namba au maneno ya Kizungu. Hii pekee ilikuwa na jina la Kiswahili, *Chumba cha Nyuma*. Peres aliposikia jina hilo aliweka kikombe chini.

Santuri ilianza bila saksafoni. Ulianza mvumo wa chini, kama nyuki ndani ya debe, na kila baada ya muda kitu kinagonga, tak, kisha mvumo unaendelea. Nzuki aliinama akanong'ona kwamba wengine wameandika kuwa ni ngoma za kwao Fidel, lakini yeye siku zote alidhani ni treni.

"Ni mkanda," Peres alisema.

"Mkanda upi, Mama?"

"Wa cherehani. Ulikatika nikauunga na waya. Ule waya ukipita kwenye gurudumu unagonga."

Saksafoni iliingia, sauti ya mzee, ya mapafu yaliyochoka, ikitembea juu ya mvumo ule bila haraka. Kumbe Fidel alikuwa na kaseti. Kumbe jioni moja, kati ya jioni zote zile, aliacha redio kaseti ikinasa chumbani, akaondoka na kaseti hiyo ng'ambo, akaitunza maisha yake yote, na alipozeeka akakaa mbele yake na kupiga.

Kisha mvumo ukasimama, na mwanamke kijana akasema, karibu sana, kama yumo sebuleni:

"Fidel, nikupakulie ama bado?"

Saksafoni ilinyamaza. Kimya kilikaa. Halafu cherehani ikaanza tena, na saksafoni nyuma yake.

Mkono wa Peres ulikuwa mdomoni. Hakuikumbuka siku ile. Ingekuwa siku ya ugomvi angeikumbuka, au siku ya sherehe. Ilikuwa jioni tu, hata hajui alipika nini. Sauti ile haikuwa na kero wala hofu; ilikuwa sauti ya mtu anayejua kwamba atajibiwa. Enzi zile Fidel alikuwa akijibu "bado," kila mara, bila kugeuka. Hapa jibu hilo lilikuwa limefutwa, wala mzee hakutia jingine.

Swali lilirudi, kwa kuwa kaseti ilikuwa imerudishwa nyuma. Likarudi tena. Kila liliporudi, mzee yule wa Denmaki alitoa saksafoni mdomoni, akangoja, na kila alipongoja hakusema kitu. Upande mzima wa santuri ulikwenda hivyo, mwanamke anauliza na mwanamume anaacha nafasi ya jibu. Mara ya mwisho kabisa, baada ya swali, alisikika akivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayetaka kupuliza au kusema. Hakupuliza. Hakusema. Sindano ikafika mwisho, ikawa inazunguka patupu.

Peres alimwomba airudishe mahali pale. Alisikiliza pumzi ile kwa kichwa kilichoinama, kama mtu anayetega sikio mlangoni. Haikuleta kitu kipya.

"Lakini alikukumbuka, Mama," Nzuki alisema, macho yake yamelowa. "Mpaka mwisho alikukumbuka."

"Alinikumbuka," Peres alijibu, "na simu alikuwa nayo."

Mzee alitaka kumpa santuri ile aende nayo. Peres alimshukuru, akakataa. Alisema nyumbani hana chombo cha kuichezea, na tena cherehani anayo.

Alipomsimulia Millicent, Millicent alilia kwa sauti, kilio cha Ugenya hasa, mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Peres yeye hakulia. Aliingia chumba cha nyuma, akakaa mbele ya cherehani, akakanyaga mara moja bila kuweka kitambaa. Mkanda ulishabadilishwa zamani. Haukugonga.

Kesho yake akaandika jibu kwa Kiswahili. Millicent alimwomba aandike ile ya watu wanne, kama mzee wa Lavington alivyoshauri, wageni wasije wakakimbia na jina la Fidel likafa mara ya pili.

"Wakimbie," Peres alisema. "Mimi sikukimbia."

Barua yenyewe haikujaza ukurasa. Aliwasalimu, akawashukuru kwa kumkumbuka, kisha akaandika:

"Waanze na *Chumba cha Nyuma*. Hizo nyingine watazielewa baadaye, au wasizielewe, si neno. Mle ndani kuna mwanamke anayemwuliza kama ampakulie chakula. Huenda hamumjui ni nani. Ni mimi mkewe, Peres, wa Woodley. Cherehani pia ni yangu. Tafadhali msiikate ile nafasi anayonyamaza, hata kama ni ndefu. Hapo ndipo mume wangu alipo. Kule kaburini tuliweka tunda."

Alitaka kuongeza neno jingine. Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka wino ukaacha nukta. Mwisho akaweka sahihi yake.

Walikwenda pamoja hadi Posta kubwa mjini. Millicent alisimama pembeni na mkoba wake. Peres alinunua stempu, akailamba, akaibandika sawasawa kama anavyobandika kiraka. Akakunja ulimi wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba kutoka upande huu hadi upande ule, akarudia tena mahali palipoinuka. Aliishika kidogo kwenye mdomo wa sanduku. Kisha akaiachia.