Mpagazi wa Sauti

"Umesikia nini?" fundi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeita watu nyumba ikiungua.

Mumewe akavua visikilizi. "Nimesikia 'Mz'. Halafu kimya."

"'Mz' tu?"

"'Mz' tu. Hiyo 'ee' niingojee mpaka lini?"

Fundi akacheka, ingawa moyo ulimuuma. Hiki kilikuwa kifaa cha tatu cha kumsaidia kusikia. Redio za watu alizitengeneza tangu ujana, lakini mambo ya chipu alijifunza ukubwani kwa ajili ya mtu mmoja, mumewe huyu, mtunza ghala mstaafu ambaye masikio yalimtupa miaka sita iliyopita. Asubuhi hiyo mzee alimwambia waziwazi, "Mke wangu, hiki kikishindwa, basi. Usijisumbue tena, nimeshazoea." Kuzoea gani huko! Hata kibarazani kwa wenzake alikuwa haendi tena.

Vile viwili vya kwanza vilikatakata sauti kwa sababu ubongo wa chipu ulijibebea wenyewe kila chembe ya sauti kutoka kwenye maikrofoni, na papo hapo ulitakiwa kuisafisha na kuikuza. Mshika mawili moja humponyoka. Safari hii fundi aliiamsha njia ya pembeni iliyomo ndani ya chipu hiyohiyo, inayopeleka chembe moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kuusumbua ubongo. Ilihitaji maagizo tu, naye aliyapitia mara saba bila kuona kosa.

"Hebu nione maagizo yenyewe," mume akasema.

"UTAELEWA NINI WEWE?"

"Niandikie, usinifokee. Mizigo nimepokea miaka thelathini na moja."

Akamwandikia mgongoni mwa bahasha kuukuu: Chukua kwenye maikrofoni. Peleka kwenye kumbukumbu, anza chumba cha kwanza. Kila chembe na chumba chake. Vyumba elfu nne.

Mzee akasoma, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Akarudia.

"Huyu mpagazi wako akishajaza chumba cha mwisho, anafanya nini?"

Fundi akaivuta bahasha, akaisoma upya.

"Usipomwambia arudi mwanzo, anakaa kitako. Na ana kosa gani? Kazi uliyompa kaimaliza."

"Lo! Na mimi najiita fundi!"

Ilikuwa tarakimu moja tu, sifuri iliyotakiwa kuwa moja, ili njia ikifika mwisho izunguke na kuanza upya, vyumba vya mwanzo vikiwa vimeshapakuliwa. Akaibadilisha, akaipakia programu tena, akamvisha mumewe visikilizi. 

"MZEE! UNANISIKIA?"

Mzee akaruka kitini. "Taratibu, mama! Unataka kuniua?"

"Unanisikia?" akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini ambayo mwenyewe alikuwa ameisahau.

"Nakusikia mpaka unavyovuta kamasi. Unalia?"

"Silii."

"Haya. Mimi nasikia tu."

Kwa miaka sita fundi alikuwa akimwambia yale tu yanayofaa kusemwa kwa kelele: chakula tayari, umesahau dawa, mlango unagongwa. Lakini nani anampigia mtu kelele za "pole"? Au za "nilikuwa nakukosa, nawe umekaa hapahapa"?

Fundi alikwenda kufunga mlango. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, ingawa hapakuwa tena na haja ya kukaa karibu hivyo, akaanza na yasiyosemwa ya mwaka wa kwanza.