Mkutano wa Jumapili kwa Mama Guo

Jepchirchir alipoingia sebuleni kwa Mama Guo Jumapili ile, alikuta viti vimepangwa safu mbili zinazotazamana. Upande wa dirisha walikaa wanaume, upande wa jikoni wanawake. Alidhani amekosea siku. Kisha akamwona Liying wake katikati ya safu ya wanawake, amevaa blauzi ambayo Jepchirchir hajawahi kuiona, mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Leo kuna nini hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Liying alikuwa ameokota Kiswahili kwa Wakenya na Wakongo waliokuja kununua jinzi kwenye karakana ya baba yake kule Xintang, mji wa Kichina wa viwanda vya nguo. "Kaa kwanza, Jep," alisema bila kumtazama. "Nitakueleza."

Kwenye karakana hiyo ndiko walikokutana, Jepchirchir akiwa mteja, wakibishana juu ya zipu zilizokuwa zikikwama. Na Liying ndiye aliyemleta kwenye mikutano hii. Enzi hizo ilifanyika ghorofani kwenye hoteli moja ya chai, watu wakijaa mpaka ngazini. Wazazi wenye mvi walishika maikrofoni wakasema wazi kwamba wanataka sheria ibadilishwe, watoto wao waruhusiwe kuwaoa wanaowapenda, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Wa kwanza kusimama siku zote alikuwa Mama Guo, mwalimu mstaafu ambaye mwanawe wa pekee alikuwa akiishi na mwanamume mwenzake.

Siku ya kwanza Mama Guo alimshika Jepchirchir mkono, akamwinua mbele ya wote, akasema, "Huyu ni mke wa binti yetu." Jepchirchir, mzaliwa wa Kapsabet, aliyelelewa kanisani, alilia mpaka akaazimwa leso. Akawasimulia kuwa shangazi wa nyanya yake alioa mke mbele ya wazee wa Kinandi kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume. Hakuwaambia kwamba mila ile haikuwa na habari ya mapenzi. Walipiga makofi, naye akawaachia furaha yao.

Baadaye mambo yalianza kulegea. Mwenye hoteli alisema ametembelewa na watu, na kwamba chumba kinafanyiwa ukarabati. Ukarabati haukuisha. Kundi lao la simu lilitoweka asubuhi moja, na majina yote pamoja nalo. Wakahamia ukumbi wa kuchezea mpira wa vinyoya, wakafukuzwa. Wakahamia bustanini, wakijifanya wanakwaya, mpaka mlinzi akawataka waimbe. Mwishowe wakabaki na sebule ya Mama Guo. Wenye uwezo walihama nchi, mwanawe akiwemo. Waliobaki walikula mbegu za matikiti na kuulizana habari za kazi. Neno sheria halikutajwa tena, na hakuna aliyesema kwa nini.

Mama Guo alipiga kofi moja, akatabasamu kwa uchovu. Alieleza kuwa kila aliyekaa pale ana wazazi nyumbani wanaolilia harusi. Basi kijana anayependa wanaume na binti anayependa wanawake wasaidiane: wafunge ndoa, wazazi wafurahi, kisha kila mtu aishi kimya na mpenzi wake. Mwanamume mmoja mwembamba aitwaye Zhiwen akainuka, akampelekea Liying kikombe cha chai kwa mikono miwili. Liying alikipokea.

Jepchirchir alimfuata Mama Guo jikoni. "Mama, si ni wewe uliyekuwa ukituambia tusijifiche?"

"Ni mimi."

"Sasa unatufundisha kudanganya?"

Mama Guo alizima jiko, akakaa juu ya kigoda. "Nimesema mpaka sauti imekauka, binti yangu. Nani alisikia? Hawa watoto wazazi wao wanazeeka wakiwa na uchungu. Kama siwezi kuwapa ndoa, niwape hata amani ya sikukuu."

Jepchirchir akarudi sebuleni kumchukua Liying waondoke.

Liying alimweleza kila kitu ndani ya treni, wakiwa wamesimama wameshika chuma kimoja. Baba yake alikuwa amepooza upande mmoja tangu majira ya baridi. Kila jioni alimuuliza jambo hilohilo: ataolewa lini. "Zhiwen ni mtu mzuri," Liying alisema. "Ana mpenzi wake wa kiume. Kwetu hakuna kitakachobadilika, Jep. Mimi ni wako siku zote."

"Isipokuwa?"

"Isipokuwa sikukuu."

Harusi ilifanyika Xintang, kwenye ukumbi uliopambwa mapazia mekundu. Jepchirchir aliwekwa meza ya wateja, kati ya mnunuzi wa vifungo na mwenye duka la vitambaa. Mpenzi wa Zhiwen alikuwa amekaa meza ya walimu wenzake, akipiga picha na kucheka kupita kiasi. Macho yake na ya Jepchirchir yalikutana mara moja, kila mmoja akageukia sahani yake.

Maharusi walipita meza kwa meza na vikombe vidogo, baba yake Liying akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Alipofika kwa Jepchirchir uso wake uling'aa. Alimpenda sana mteja huyu. Akasema jambo kwa Kichina, kwa ulimi mzito, wageni wakacheka. Jepchirchir alikuwa ameelewa kila neno, lakini akamtazama Liying kana kwamba hakuelewa.

Liying, ndani ya gauni jekundu, alimwinamia. "Baba anauliza," alisema kwa Kiswahili, "na wewe utaolewa lini."

"Mwambie mimi nina mke."

Liying alisimama na kikombe chake. Rangi ya midomo ilikuwa imemvuja kidogo pembeni. Kisha akamgeukia baba yake na kumwambia kwamba mgeni anasema bado, biashara imembana. Mzee alitikisa kichwa kwa huruma, akampigapiga Jepchirchir mkononi kwa mkono wake mzima.

Hazikupita siku nyingi mama yake Zhiwen akahamia kwa maharusi ili awapikie, kwa maana alitaka mjukuu. Jumapili zikawa za wakwe. Liying alipiga simu akiwa bafuni, maji yakimwagika ili asisikike, baadaye akawa anatuma ujumbe tu, na ujumbe nao ukapungua. Jepchirchir aliacha kwenda Xintang. Alianza kununua nguo kwenye soko la jumla la Shahe, ambako hakuna aliyemjua jina.

Mchana mmoja, Jepchirchir akifunga mizigo kwa utepe wa gundi, Mama Guo alimpigia. Sauti yake ilikuwa na upole uleule wa zamani.

"Nimekuwa nikikuwaza," alisema. "Uliniambia mama yako kule nyumbani naye anasumbua. Kuna Mkongo mmoja, Loïc, mtu mtaratibu, yuko kama mwanangu. Njoo Jumapili umwone tu. Sikulazimishi."

Jepchirchir alitaka kukata simu. Alitaka kumkumbusha siku ya maikrofoni, na mkono uliomwinua. Lakini kule Kapsabet mama yake alikuwa ameanza kumwombea mume kanisani, akimtaja jina, mbele ya waumini wote.

Akaketi juu ya mzigo.

"Wazazi wake bado wako hai?" akauliza.