Kahawa ya Mzee Wasyl Iko Dirishani

Niseme ukweli mapema: aliyemlemaza Mzee Wasyl Bodnar ni mimi, kwa huruma yangu.

Kwenye makao yetu ya wazee hapa Saskatchewan, jimbo la baridi na wakulima wa ngano, wahudumu wawili tunatakiwa kuwafikisha wazee ishirini na wawili mezani kabla ya saa mbili asubuhi. Mzee akitembea mwenyewe, dakika kumi zimekwisha. Ukimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, dakika moja tu. Basi nilimsukuma. Na kahawa yake ya saa nne nikawa nampelekea chumbani, kwa sababu nampenda yule mzee, utani wake ni wa baba kwa binti. Miezi saba nilifanya hivyo. Ulipofika wa nane, akashindwa kuinuka kitini.

Mkuu wetu akatuita. Mzee asiyeweza kuinuka na kutembea bila kushikwa anahamishiwa makao ya wasiojiweza, mji wa pili, kilomita tisini. Mkaguzi angekuja baada ya wiki sita kumpima.

Sasa, Wasyl analala chumba kimoja na mkewe, Bibi Paraska. Miguu ya bibi ni mizima, kumbukumbu ndiyo imemtoka. Kila siku anaamka ameshtuka, hajui yuko wapi, mpaka Wasyl amwambie, "Uko na mimi, Paraska. Ng'ombe wameshalishwa." Anatulia. Sisi tukimwambia maneno hayohayo, anapiga mayowe. Wakimwondoa Wasyl, nani atamtuliza? Sikulala vizuri wiki ile, nawaambia.

Mtaalamu wetu wa mazoezi, dada mmoja mpole anaitwa Kirsten, alikuwa na darasa la kupiga maputo wazee wakiwa wamekaa. Akamkaribisha Wasyl. Lahaula!

"Nimelisha ng'ombe miaka hamsini kwenye baridi ya arobaini chini ya sifuri, leo nicheze na puto?" akafoka. "Mpe Elmer. Huyo hata shambani kwake alikuwa anacheza tu."

Hapo ndipo akili ikanijia. Wanaume wa huku, theluji ianguke isianguke, saa nne lazima wakutane kwenye kahawa wawaseme wenzao: nani kachelewa kupanda, nani kanunua trekta asilolihitaji. Kwetu kijiwe kiko kwenye dirisha la mwisho wa korido, linalotazama ngano ya watu ng'ambo ya barabara, na huyo Elmer, mkulima mwenzake wa zamani, ndiye mwenyekiti. Wasyl hakuwa amekanyaga pale tangu nianze kumpelekea kahawa chumbani. Mimi ndiye niliyemtoa kijiweni!

Kesho yake nikaingia chumbani kwake mikono mitupu.

"Kahawa yangu iko wapi?"

"Dirishani, mzee."

"Ilete."

"Nenda kaifuate. Yenyewe haina miguu."

"Kwani mimi ninayo?"

"Unayo miwili. Nimeiosha mwenyewe leo asubuhi."

Alininunia siku nne. Aliniita katili, akamwambia Kirsten kwamba namuua kwa kiu. Roho iliniuma, nikajikaza. Siku ya tano nikamletea umbea badala ya kahawa: Elmer anawaambia watu kwamba mwaka mmoja mistari ya shayiri ya Wasyl ilipinda shambani kwa sababu alipanda akiwa amelewa.

"Mwongo mkubwa!" Akavuta karibu fremu yake ya kutembelea, akasukuma mikono ya kiti, akainuka. Miguu ilitetemeka, lakini akasimama. "Ngoja nikamwambie usoni!"

Alipiga hatua sita tu, akakaa. Kirsten akapanga viti korido nzima, kila hatua chache kiti kimoja, na kila asubuhi mzee akawa anavuka kiti kimoja zaidi, huku akinitukana. Wiki ya tano akafika dirishani. Elmer akamtazama juu mpaka chini.

"Umechelewa, bwana. Tulishagawana kikombe chako."

Wasyl alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya mkaguzi ikafika. Mama mmoja mwenye faili, si mbaya, ila sheria ni sheria: ainuke mwenyewe, afike dirishani, asiguswe na mtu. Bibi Paraska tulimkalisha palepale dirishani.

Wasyl akainuka vizuri, akaanza na fremu yake. Katikati ya korido magoti yakaanza kucheza, akasimama. Mikono yangu ikamfuata yenyewe.

"Mikono yako wewe!" akanikaripia. Nikaificha mgongoni.

Hakuna aliyemwangalia Bibi Paraska. Aliinuka, akaja moja kwa moja, akamshika mumewe kiwiko.

"Ameshikwa," mkaguzi akasema taratibu. "Hiyo haihesabiki."

Nilitaka kumrukia. Wasyl hakumtazama hata. "Naanza wapi?"

"Kwenye kiti, mzee. Mwanzo kabisa. Ukitaka, pumzika kwanza."

"Nikipumzika siinuki tena."

Akarudi, akakaa, akainuka. Mimi nikampeleka bibi dirishani nikamshika mikono yote miwili, maana alikuwa anavuta kwenda. Wasyl alikuja hatua kwa hatua, jasho linamtoka, midomo imekauka. Alisimama mara tatu, na kila mara nilijua amekwisha. Mwisho mzee akaweka kiganja kwenye ukingo wa dirisha, akajishusha kwenye kiti kilichokuwa pembeni.

Mkaguzi akaandika. "Anabaki," akasema.

Bibi Paraska akaninong'oneza sikioni, "Yule mzee ni nani?"

"Ni Wasyl, bibi. Mumeo."

Akamtazama. "Amechoka sana. Mwambie asiende mbali tena. Akae hapa na mimi."

"Anakaa, bibi," nikasema, na nikalia palepale mbele ya mkaguzi bila aibu.