Madawati Yaliyopanda Darini

Binti wa dada yangu ni msanifu majengo, na jengo letu lilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Siku za juma ni shule, Jumapili kanisa, ukumbi ule ule, kuta zile zile za mawe. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu humo hadi kichwa kikajaa mvi.

"Tunalikarabati bila kutupa kitu, Mama mkubwa," aliniambia.

Kuta akazibandua saruji na kuzipaka chokaa ili zipumue. Matundu ya hewa yaliyozibwa akayazibua, feni zikapewa likizo. Maji ya paa akayaelekeza kwenye tangi la vyoo. Mpaka hapo sikuwa na neno.

Dari ndiyo iliyonipandisha mori. Ile ya zamani mchwa walikuwa wameimaliza, na binti akakataa katakata kununua mbao mpya. Aliingia stoo, akavunja madawati mabovu tuliyorundika humo miaka nenda rudi, akachukua mbao za juu na kuwaambia mafundi wazipigilie darini.

"Zimechakaa hizo," nilisema.

"Nitazipaka mafuta zing'ae. Randa hapana, rangi hapana."

"Hili ni kanisa au jalala?"

Akacheka tu. Ukaidi huo kautoa kwetu.

Ibada ya ufunguzi ilikuwa pia ya kuniaga, maana nilikuwa nastaafu. Ukumbi ulijaa wanafunzi wangu wa zamani, sasa watu wazima wenye vitambi na heshima zao. Niliketi mbele, gauni jipya, uso nimeukaza kama kawaida. Sikujaliwa mtoto. Maisha yangu niliwapa hawa, kwa ukali, na siku hizo swali moja lilikuwa linaninyima raha: yupo hata mmoja aliyenipenda? Swali hilo humuulizi mtu. Unajifanya huna haja nalo.

"Tuinue macho yetu juu," mchungaji akasema.

Tukainua. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye kila mkwaruzo na kuukoleza. Juu kabisa ya kichwa cha mchungaji: MAMA RADI ANA MACHO KISOGONI. Mama Radi ni mimi, jina la utani walilonipa wanafunzi kwa ngurumo zangu. Pembeni yake: MAMA RADI AKICHEKA UJUE DUNIA IMEKWISHA. Vizazi kwa vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimeyachimba madawati yale kwa ncha ya bikari. Kwaya ikaanza wimbo, ikafia ubeti wa pili. Mabega yakaanza kutikisika, na daktari mmoja mstaarabu sana akajiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Mchungaji, ambaye hakuwa ameona kitu, akasifu jinsi waumini walivyoguswa.

Mimi nilisoma. Ubao kwa ubao, shingo inauma, mahubiri sikusikia hata neno. Nilikuwa natafuta moja zuri, moja tu. Sikuliona, na iliniuma.

Watu walipotoka nikambana binti. "Uliyasoma haya?"

"Yote."

"Na ukayaweka?"

"Yale mabaya zaidi niliyageuza yatazame paa, Mama mkubwa. Anayasoma Mungu peke yake."

"Kesho zipigwe randa zote!"

"Sawa. Ila njoo kwanza huku."

Akanilaza chali kwenye benchi la nyuma, mimi na gauni langu, akanionyesha kona iliyo karibu na dirisha. Herufi zilikuwa ndogo, zimepinda, za mtoto aliyekuwa akichungulia huku na huku asikamatwe:

*Mama Radi kaninunulia viatu. Kasema nisimwambie mtu. Basi nakwambia wewe, dawati.*

Nilijitahidi kumkumbuka ni nani. Viatu nilinunua vingi, na sura zao zimenichanganyikia. Machozi yakanitoka yakaingia masikioni, kwa sababu ya kule kulala chali.

"Nimwite fundi wa randa?" binti akauliza.

"Thubutu!"

Akaninyooshea mkono aniinue. Nikamwambia aniache kidogo, nisome tena.