Ukoo wa Wasiojuana

Asubuhi ya Jumamosi mhadhiri alikuwa jikoni akipangusa vikombe, wakati shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipokuwa akiwakaribisha sebuleni ndugu waliokuja kuamua hatima ya nyumba. Sebule ilikuwa na makochi manne na kabati la vioo. Kabla chai haijachemka, ndugu walikuwa hawana ukomo. Kila alipoingia mmoja, waliotangulia walisogea nafasi moja, naye akapata pa kukaa.

"Mama, sukari itatosha kweli?" binti yake aliuliza.

"Punguza kijiko. Na usikimbizane nao, hawaishi."

Mhadhiri alikuwa akifundisha hesabu za kupanga na kuchagua katika seti zisizo na ukomo, hivyo hakubabaika. Alijua kwamba umati wa namna hiyo lazima ubebe ndani yake kundi lisilo na mwisho ambamo wote wanajuana, au kundi lisilo na mwisho ambamo hakuna amjuaye mwenzake. Kanuni haisemi lipi. Akachukua sinia, akaanza kutafuta kwa utaratibu anaowaonyesha wanafunzi wake. Alimuuliza mgeni wa kwanza anawajua akina nani humo. Mgeni alionyesha wachache. Mhadhiri akawaacha hao, akaenda kwa waliosalia, ambao bado hawakuwa na mwisho, akamuuliza aliyekaa mbele yao. Jibu likawa lile lile, na la aliyefuata vilevile.

Chai ilipopoa, kundi la wasiojuana lilikuwa limekamilika.

"Shemeji," alisema, "hawa hawana mwisho, na hakuna wawili wanaojuana. Huu ni ukoo gani?"

Shemeji akaweka kikombe chini. "Msomi wetu, hatukuja kusalimiana. Jamani, anayetaka mjane huyu ahame anyooshe mkono."

"Kwani marehemu ni nani?" mmoja alimnong'oneza jirani yake.

"Sijui. Wewe nyoosha tu."

Mikono ikanyooka hadi upeo wa macho. Mhadhiri alipitia hesabu yake tena kichwani. Ilikuwa sahihi, na haikuhusu nyumba hata kidogo.

Ndugu walikuwa waungwana. Walijipanga mstari kuelekea barabarani, wakapokezana kitanda chake mkono kwa mkono bila kukikwaruza.

Jioni shemeji alibadilisha kufuli. Mama na binti walikuwa wameketi ukingoni mwa barabara, wakisubiri kitanda.

"Kitatufikia, mama?"

"Kila mmoja wao atakipokea kwanza, nao hawaishi," alisema, akivua koti lake na kumtandikia.