Chungu cha Ukoo Mzima

Kazini wananiita Twiga, kwa kuwa naendesha kreni ya mnara, na kibanda changu kiko juu ya ghorofa zote. Choo kiko chini. Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kukatwa na tumbo huku ndoo ya zege inaning'inia juu ya vichwa vya watu.

Nilikuwa nimeshashuka katikati ya kazi zaidi ya mara moja. Msimamizi, ambaye si mtu mbaya ila hana subira hata ya kungoja chai ipoe, aliniambia waziwazi: "Twiga, siku ya kupandisha vyuma vya paa ukishuka tena, kiti nampa mwingine." Kiti kile nilikipigania huku wanaume wakinicheka. Sikuwa tayari kukiachia kwa sababu ya utumbo.

Daktari alinipima, akasema utumbo hauna kidonda wala mdudu, ila ni mwepesi kukasirika. Nikamwambia basi umemfuata mwenyewe.

Kwetu mtu akiugua kila ndugu huleta dawa yake, na kukataa ya mmoja ni kumtukana. Mama mkwe alileta mnanaa. Wifi alileta tangawizi. Jirani, ambaye naye ni kama ndugu, alileta shubiri. Shangazi, aliyenilea tangu mama yangu afariki, na ndiye mjuzi wa mitishamba katika ukoo, alileta magome yake. Kisha, ili asinune mtu, akachemsha vyote katika chungu kimoja. Kila asubuhi nilikunywa kikombe akiwa amesimama mbele yangu, mikono kiunoni, na kila asubuhi tumbo lilinguruma kama mashine ya kuchanganya zege.

"Dawa inapigana na ugonjwa," alisema.

"Shangazi, mbona ninayepigwa ni mimi?"

Siku moja kreni iligoma kuzunguka. Fundi umeme akazima kila kitu, halafu akawa anawasha swichi moja moja na kusikiliza. Nikimwangalia, nikajiona mjinga. Jioni ile nilikisogeza chungu pembeni ya jiko.

"Kuanzia kesho nakunywa moja moja," nilimwambia shangazi. "Ikinikubali, inabaki. Ikinikataa, inaondoka."

"Na yangu?"

"Itasubiri zamu yake."

Alinitazama juu hadi chini. "Nimekulea kwa dawa hizi. Ukizipanga foleni, usiniite shangazi tena." Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Niliumia sana, sitasema uongo. Lakini sikumfuata.

Shubiri ilinikimbiza chooni siku ile ile niliyoijaribu peke yake. Kumbe kazi yake ni kuharisha! Jirani, kwa moyo safi kabisa, alikuwa ameniletea dawa inayomfaa yeye, ambaye shida yake ni kufunga choo. Tangawizi ilinichoma. Magome yalinijaza gesi. Chai nyepesi ya mnanaa baada ya chakula ndiyo iliyonituliza. Sisemi nilipona, nasema nilitulia. Nikashika hiyo hiyo, nikaacha na maharage ya asubuhi, na daktari nilipomweleza hakupinga.

Siku ya vyuma vya paa nilipanda kabla jua halijawa kali. Chuma kikapanda, kikakaa, kikafuata kingine. Katikati ya kazi tumbo likanikunja, jasho likanitoka. "Tulia wewe, nina kazi," nikalikaripia kwa sauti kama anavyokaripiwa mtoto mtundu, nikapumua, nikakishusha chuma mahali pake taratibu. Likaniachia. Siku hiyo nilishuka saa ya kufunga kazi, pamoja na wenzangu wote.

Getini, juu ya rundo la matofali, alikuwa amekaa shangazi. Mlinzi aliniambia mama huyu alikuwa pale tangu asubuhi, shingo juu, hata maji amekataa.

"Hukushuka," akasema.

"Sikushuka. Umefuata nini huku, shangazi?"

"Nilikuwa namvizia huyo msimamizi wako. Ungeshuka tu, ningemfuata nimwambie ni dawa zangu zilizokuharibu, asikunyang'anye kiti."

Nikampa mkono ainuke. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa, kwa hiyo tulitembea polepole hadi nyumbani, yeye akiniegemea.